Ibn Hajar Yupi? Majina Yanayofanana na Adabu ya Kunukuu Maulamaa

  

Miongoni mwa maneno yanayosikika mno katika darsa zetu, na yanayoandikwa mno katika vitabu vyetu vya dini vya Kiswahili, ni haya: Ibn Hajar amesema, Razi amesema, Ibn Arabi amesema. Msemaji hutaja jina, akaleta kauli, kisha akapita. Msikilizaji naye hutulia kwa kuwa jina ni kubwa. Ni nadra mtu kuuliza: ni Ibn Hajar yupi? Na anayeuliza hutazamwa kama aliyekuja kuharibu darsa.

Sisi tunaona swali hilo ni la haki. Hatukusudii katika makala haya kumtaja mwandishi fulani au kitabu fulani kwa kasoro hii, maana imeenea kiasi kwamba kumtaja mmoja ni kumwonea. Tunachokikosoa ni mtindo wenyewe wa kunukuu kwa jina fupi, bila kunya, bila nisba, bila mwaka wa kufariki na bila jina la kitabu. Mtindo huu umewafanya watu wawili kuwa mmoja, na mara nyingine umemfanya mtu mmoja kuwa wawili. Matokeo yake ni hukumu za sheria kubebeshwa watu ambao hawakuzisema, na hilo kwa mwenye kumcha Mwenyezi Mungu si jambo dogo, kwani kumsingizia maiti kauli asiyoitamka ni dhulma ambayo mwenyewe hawezi kuinuka akaikanusha.

Wawili wa Misri

Tuanze na Ibn Hajar, kwa sababu sisi watu wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tumelelewa katika fiqhi ya Imam Shafii, tunamhitaji kila siku. Kwa hakika tunawahitaji wote wawili.

Wa kwanza ni Ahmad bin Ali bin Hajar al-Asqalani, aliyezaliwa mwaka 773 Hijria (1372) na kufariki Cairo mwaka 852 (1449). Huyu ni bingwa wa hadithi. Ndiye mwenye Fat-hul-Bari, sharhe ya Sahihi ya Imam Bukhari, na ndiye mwenye Bulughul-Maram, kitabu ambacho wanafunzi wa madrasa zetu hukianza wakiwa bado vijana. Wa pili ni Ahmad bin Muhammad bin Ali bin Hajar al-Haytami. Huyu alizaliwa Misri mwaka 909 Hijria, yaani miaka 57 baada ya wa kwanza kufariki, kisha akahamia Makka na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 974. Yeye ni bingwa wa fiqhi, mwenye Tuhfatul-Muhtaj, sharhe ya Minhaj ya Imam Nawawi. Tuhfa hiyo, pamoja na Nihaya ya Shamsuddin Ramli (aliyefariki mwaka 1004 Hijria), ndiyo mizani ambayo Mashafii wa zama za baadaye wameitegemea katika fatwa. Watu wa Hadhramaut waliipa Tuhfa nafasi ya mbele, na kwa njia ya masharifu na mashekhe waliotoka huko, ikaheshimika pia Lamu, Mombasa na Unguja.

Sasa tazama ugumu ulipo. Wote wawili wanaitwa Ahmad. Wote laqabu yao ni Shihabuddin. Wote wamezaliwa Misri na wote ni Mashafii. Mtu akijiona amejitahidi, akaandika "Shihabuddin Ahmad Ibn Hajar al-Misri al-Shafii", bado hajatuambia kitu. Kinachowatenganisha ni nisba ya mwisho, Asqalani au Haytami, na hiyo ndiyo ambayo msemaji wetu huiacha.

Wanaosoma kwa mashekhe wanajua kanuni: jina likija peke yake katika vitabu vya fiqhi ya Kishafii vilivyoandikwa baada ya karne ya 10 Hijria, basi ni Haytami, likija katika vitabu vya hadithi na wapokezi, basi ni Asqalani. Kanuni hii ni nzuri kwa mwenye kitabu mkononi. Lakini kauli ikishatolewa kitabuni ikapandishwa mimbarini, kitabu kimebaki nyuma, na kanuni imebaki nacho. Msikilizaji ambaye Ibn Hajar pekee anayemjua ni yule wa Bulughul-Maram ataichukua kauli ya Tuhfa na kuitia katika hesabu ya mtu wa hadithi.

Je, hilo lina madhara gani, ilhali wote ni maimamu? Tutatoa mfano mmoja ambao kila mwenye kufuatilia mijadala ya misikiti yetu ataufahamu. Inasemwa: Ibn Hajar alimlaumu vikali Ibn Taymiyya. Upande wa pili nao husema: Ibn Hajar alimtetea Ibn Taymiyya. Kila upande humwona mwenzake mwongo. Ukweli ni kwamba Haytami, katika al-Fatawa al-Hadithiyya, alimsema Ibn Taymiyya kwa maneno makali mno. Asqalani naye alimwekea wasifu mrefu katika al-Durar al-Kamina, na akaandika maneno ya kukisifu kitabu cha Ibn Nasiruddin wa Damascus, al-Radd al-Wafir, kilichotungwa kumjibu aliyedai kuwa mwenye kumwita Ibn Taymiyya "Sheikhul-Islam" amekufuru. Hata hivyo Asqalani huyo huyo, ndani ya Fat-hul-Bari, anamkosoa Ibn Taymiyya waziwazi katika suala la kufunga safari kwa ajili ya kuzuru kaburi la Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo ziko kauli za watu wawili, na ya mmoja wao ina pande mbili. Watu wamegombana, wakahamana misikiti, juu ya jina ambalo hakuna aliyeuliza ni la nani.

Mwenye kuteleza hapa ana udhuru kidogo, kwa sababu jina la kitabu chenyewe ni mtego. Anayesikia al-Fatawa al-Hadithiyya hudhani bila shaka kwamba mwenyewe ni mtu wa hadithi, akaenda moja kwa moja kwa Asqalani. Sivyo; ni kitabu cha Haytami.

Suala la maulidi pia limeingia humo. Suyuti, katika risala yake Husnul-Maqsid, amenukuu fatwa ya Asqalani inayoiegemeza furaha ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.) kwenye hadithi ya saumu ya Ashura, baada ya kukiri kwamba amali hiyo haikupokewa kutoka kwa karne tatu za mwanzo na kwamba ndani yake mna mazuri na kinyume chake. Haytami naye ameandika juu ya maulidi. Anayeunga mkono na anayepinga wote huvuta sentensi moja ya "Ibn Hajar" na kuiacha iliyobaki. Hapa hatuingii katika hukumu ya maulidi yenyewe. Tunasema tu kwamba mwenye kuijadili hana budi aseme anamnukuu nani, na amnukuu kauli nzima.

Herufi zetu na mtu wa tatu

Lau mambo yangeishia kwa wawili, ingekuwa nafuu. Yuko wa tatu: Nuruddin Ali bin Abi Bakr al-Haythami, kwa herufi ya thaa, aliyefariki mwaka 807 Hijria (1405), mwenye Majmauz-Zawaid. Huyu ni mtu wa hadithi, tena ni sheikh wa Asqalani. Inapokewa kwamba Asqalani alianza kufuatilia makosa yaliyomo katika Majmauz-Zawaid, habari zikamfikia sheikh wake, naye akaona uchungu. Basi mwanafunzi akaliacha jambo hilo kwa kuchunga hisia za mwalimu wake. Hii ni adabu ambayo siku hizi imekuwa adimu, lakini tusitoke nje ya maudhui.

Haytami wa fiqhi ni kwa taa, na Haythami wa hadithi ni kwa thaa. Katika Kiarabu nukta mbili na nukta tatu zinatosha. Katika Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini tunazo t na th, kwa hiyo uwezo wa kutofautisha tunao kabisa. Pamoja na hayo, utakuta "Ibn Hajar al-Haithami" kimeandikwa na kuchapishwa, akazaliwa mtu ambaye hajawahi kuwepo: nusu mwalimu wa Asqalani, nusu mwenye Tuhfa. Na juu yao yuko Ibn al-Haytham, mwanahesabu wa Basra aliyeandika juu ya mwanga na kuona, akafariki Cairo karibu na mwaka 430 Hijria (1040). Yeye si mtu wa fiqhi wala hadithi, lakini kwa mwandiko wetu wa haraka naye amekuwa jamaa yao.

Kuna herufi nyingine ambazo Kilatini chetu hakizitenganishi: haa mbili, siin na sadi, taa na twaa ikiwa mwandishi hakujali. Mashekhe wetu wa zamani waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na tatizo hili kwa majina ya Kiarabu, kwa kuwa jina lilibaki kama lilivyo. Hatusemi turudi huko. Tunasema mwandishi wa leo, aliyepoteza nukta, azilipe kwa kitu kingine.

Elimu iliyosahauliwa

Wala tusidhani kwamba tunaibua jambo jipya. Maulamaa wa hadithi waliliona tatizo hili mapema, wakaliwekea mlango wake katika elimu. Majina yanayolingana kwa maandishi na matamshi, na watu wake wakawa mbalimbali, waliyaita al-muttafiq wal-muftariq. Majina yanayofanana kwa maandishi na kutofautiana kwa matamshi waliyaita al-mu'talif wal-mukhtalif. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria, 1071) alitunga kitabu kizima katika mlango wa kwanza. Akatunga kingine, Mudhih, juu ya makosa ya kujumuisha na kutenganisha: kufanya wawili mmoja, na kufanya mmoja wawili. Hakumwogopa mtu katika hilo. Aliowafuatilia makosa yao ni pamoja na Imam Bukhari, huku akiwaheshimu na kuwaombea udhuru. Na Asqalani tunayemzungumzia, ambaye leo jina lake linachanganywa, alitunga Tabsirul-Muntabih katika mlango huu huu wa majina yanayofanana!

Ibn al-Salah (aliyefariki 643 Hijria, 1245), katika Muqaddima yake mashuhuri, anatoa mfano wa al-Khalil bin Ahmad. Wengi wetu tunamjua mmoja tu, yule mwanalugha wa Basra aliyeasisi elimu ya arudhi na ambaye Kitabul-Ayn kinanasibishwa kwake. Ibn al-Salah anawahesabu sita, wakiwemo wapokezi wa hadithi na kadhi wa madhehebu ya Hanafi. Anataja pia kanuni tamu ya wapokezi: ikisemwa "Abdullah" peke yake Makka, basi ni Ibn al-Zubayr, Madina, ni Ibn Umar, Kufa, ni Ibn Mas'ud, Basra, ni Ibn Abbas, na Khurasan, ni Ibn al-Mubarak. Yaani jina fupi lilikuwa na maana kwa watu wa mji mmoja waliojuana. Lilipotoka mjini lilihitaji kufungiwa mzigo. Sisi tunayachukua majina ya Cairo, Cordoba na Rayy, tukayateremsha Tanga na Kigoma bila mzigo wowote, kisha tunashangaa kwa nini yanapotea.

Ishbilia moja, majina mawili

Baada ya Ibn Hajar, jina linaloleta balaa kubwa ni Ibn al-Arabi. Kadhi Abu Bakr Muhammad bin Abdullah Ibn al-Arabi alikuwa Mmaliki wa Ishbilia huko Andalusia. Alisafiri Mashariki, akakutana na Ghazali na kusoma kwake, akarudi kwao na kushika ukadhi, akafariki mwaka 543 Hijria (1148) na kuzikwa Fez. Ndiye mwenye Ahkamul-Qur'an na al-Awasim minal-Qawasim. Muhyiddin Muhammad bin Ali Ibn Arabi alizaliwa Murcia mwaka 560 (1165), miaka 17 baada ya kifo cha kadhi, akakulia Ishbilia hiyo hiyo, akahamia Mashariki na kufariki Damascus mwaka 638 (1240). Huyu ndiye Sufi mwenye al-Futuhat al-Makkiyya na Fususul-Hikam, ambaye umma umegawanyika juu yake mgawanyiko usiofichika. Wote ni Muhammad, wote mji wao ni mmoja, na hata kunya ya Abu Bakr imetumika kwa wote wawili.

Watu wa Mashariki walitafuta dawa: wakamwacha kadhi na "al" yake, wakamwondolea Sufi, wakamwita "Ibn Arabi". Ni dawa nyepesi ya herufi mbili. Lakini tazama inavyofanya kazi katika Kiswahili. Sisi hatuna kawaida ya kuitamka "al". Kila mtu kwetu ni "Ibn Arabi". Dawa imemwagika njiani. Na kama hiyo haitoshi, yuko Ibn al-A'rabi, mwanalugha wa Kufa aliyefariki mwaka 231 Hijria (846), ambaye kamusi za Kiarabu zimejaa riwaya zake.

Madhara yake huonekana pale mwanafunzi anaposoma Tafsiri ya Qurtubi, ambaye humnukuu kadhi mara nyingi mno, akakutana na "Ibn al-Arabi amesema". Aliyefundishwa kumchukia Sufi huruka ukurasa, na kwa hivyo hujinyima maneno ya mmoja wa mabingwa wa fiqhi ya Kimaliki. Aliyefundishwa kumtukuza Sufi huona fahari kwamba mfasiri mkubwa amemtegemea. Wote wawili wamejenga juu ya mchanga. Tena Qurtubi mwenyewe si mmoja. Mfasiri ni Muhammad bin Ahmad, aliyefariki 671 Hijria (1273). Sheikh wake ni Abul-Abbas Ahmad bin Umar al-Qurtubi, aliyefariki 656, mwenye al-Mufhim, sharhe ya Sahihi ya Muslim. Na mara nyingi huyu ndiye anayekusudiwa Fat-hul-Bari inaposema "Qurtubi".

Babu na mjukuu

Kwa Ibn Rushd jambo ni zuri zaidi, kwani hapa jina limebaki nyumbani. Babu na mjukuu wote ni Abul-Walid Muhammad bin Ahmad, na wote walikuwa makadhi wa Cordoba. Babu alifariki mwaka 520 Hijria (1126), na mwaka huo huo ndio aliozaliwa mjukuu, aliyefariki Marrakesh mwaka 595 (1198). Vitabu vya Kimaliki vikisema "Ibn Rushd" vinamkusudia babu, mwenye al-Bayan wat-Tahsil na al-Muqaddimat. Ndiye ambaye Khalil katika Mukhtasar yake amemwekea alama maalumu. Mjukuu ndiye mwenye Bidayatul-Mujtahid katika fiqhi, al-Kulliyyat katika utabibu, na Tahafutut-Tahafut katika falsafa. Tumesikia ikidaiwa kwamba Ghazali alimraddi Ibn Rushd. Ghazali alifariki mwaka 505 Hijria, mjukuu hajazaliwa. Mjukuu ndiye aliyemjibu Ghazali, tena baada ya miongo mingi.

Mahali ambapo wawili hawa wanakutana ni pazuri kupasimulia. Katika Bidaya, mjukuu anapofikia suala la chombo kilicholambwa na mbwa na kuoshwa kwake mara saba, anamtaja babu yake kwa kumrehemu. Anaeleza kwamba babu, katika al-Muqaddimat, aliona hukumu hii ina sababu inayofahamika kwa akili, na sababu yenyewe si najisi bali ni hofu kwamba mbwa yule huenda ana kichaa na mate yake yana sumu. Na idadi ya saba imekuja katika sheria sehemu nyingine pia kwa njia ya tiba. Mjukuu, ambaye ni tabibu, anaiona hiyo ni njia nzuri kwa msingi wa Kimaliki. Sisi Mashafii tuna kauli yetu katika najisi ya mbwa, na inajulikana. Tunachotaka msomaji akione ni hiki: rai inayonuka utabibu ni ya babu mwanafiqhi, na tabibu ndiye msimulizi. Anayesema "Ibn Rushd mwanafalsafa aliingiza utabibu katika suala la mbwa" amekosea mara mbili, na angeokoka kwa kusoma mistari michache.

Jina linapogeuka kuwa kichaka

Mpaka hapa tumewalaumu wanaojumuisha. Haki inatutaka tuwalaumu pia wanaotenganisha kwa haraka, na mfano wake ni Tabari.

Imam Abu Ja'far Muhammad bin Jarir bin Yazid al-Tabari, mwenye Tafsiri na Tarikh, alifariki Baghdad mwaka 310 Hijria (923). Yuko pia Muhammad bin Jarir bin Rustam al-Tabari, Mshia wa Imamiya, mwenye al-Mustarshid. Jina la mtu, jina la baba, kunya na nisba ni sawa. Tofauti inaanza kwa babu, Yazid na Rustam. Dhahabi amewataja wote wawili katika Mizanul-I'tidal, mmoja baada ya mwingine. Alipoona kwamba al-Sulaymani amemtuhumu Tabari kuwa akiwatungia Mashia hadithi, Dhahabi aliikataa tuhuma hiyo, akasema huenda aliyekusudiwa ni huyu wa pili. Asqalani katika Lisanul-Mizan akaenda mbali zaidi, akaona kwamba lau angeapa kuwa aliyekusudiwa ni wa pili, kiapo chake kingekuwa cha kweli. Hapa elimu ya majina imemwokoa imamu na tuhuma nzito, na hii ndiyo faida yake.

Lakini katika mas-ala ya udhu mambo ni tofauti. Imenukuliwa kwamba Ibn Jarir al-Tabari aliona inatosha kupaka miguu maji badala ya kuiosha. Asqalani aliona kuwa huenda kauli hiyo ni ya Ibn Rustam, kwa kuwa ndiyo madhehebu yake. Yeye alisema "huenda". Waliokuja baadaye waliliondoa neno hilo, wakalifanya jambo kuwa yakini: kila kauli isiyotupendeza ya Tabari ni ya yule mwingine. Jina likawa kichaka cha kujifichia.

Dawa ilikuwa karibu nao. Tafsiri ya Tabari ipo, na Aya ya 6 ya Sura al-Maida imo. Mwenye kuifungua atakuta Imam ameichagua kiraa ya kasra katika neno la miguu, na ameona kwamba anayeeneza maji mguu mzima huku akiupitishia mkono huwa ameosha na amepaka kwa pamoja. Ibn Kathir (aliyefariki 774 Hijria, 1373) aliwataja wanaosema kuwa Ibn Jarir ni wawili na wanaomtakasa Abu Ja'far kwa njia hiyo, kisha akarejea kwenye maneno ya tafsiri yenyewe: kwamba Imam anawajibisha kuosha, na pamoja na kuosha anawajibisha kusugua, ila kusugua huko amekuita kupaka, na wengi hawakulielewa kusudio lake. Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyefungua kitabu. Kauli ilikuwa ya Tabari mwenyewe wa Sunna, haikuwa ya Ibn Rustam, wala haikuwa vile ilivyonukuliwa. Waliomsingizia walikosea, na waliomtetea kwa jina la mtu mwingine nao hawakupatia. Anayesema "huyo ni mwingine" ana wajibu wa kuthibitisha kama anavyowajibika anayesema "huyo ndiye".

Wengine tutawapitia kwa ufupi, kwa kuwa njia imeshajulikana. Ibn al-Athir ni ndugu watatu wa baba mmoja kutoka Jazirat Ibn Umar. Majduddin (aliyefariki 606 Hijria, 1210) ndiye wa hadithi, mwenye Jami'ul-Usul na al-Nihaya. Izzuddin (630, 1233) ndiye wa historia, mwenye al-Kamil na Usdul-Ghaba. Dhiyauddin (637, 1239) ndiye wa fasihi, mwenye al-Mathalus-Sair, na aliwahi kuwa waziri wa al-Afdal mwana wa Salahuddin. Anayefasiri neno gumu la hadithi kwa kusema "Ibn al-Athir mwanahistoria amesema" amemnyang'anya kaka na kumpa mdogo wake.

Na Rayy, mji uliokuwa karibu na Tehran ya leo, umetoa kina Razi wasiohesabika. Fakhruddin wa Tafsiri kubwa alifariki 606 Hijria (1210). Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya ndiye tabibu, ambaye amenasibishiwa maneno mabaya juu ya utume. Abu Bakr Ahmad bin Ali al-Jassas (370, 981) ndiye Mhanafi mwenye Ahkamul-Qur'an, kitabu chenye jina moja na kile cha kadhi Ibn al-Arabi. Kwa hiyo "Abu Bakr al-Razi" ni wawili, na umbali baina yao katika itikadi ni wa mbingu na ardhi. Abu Hatim al-Razi pia ni wawili: mkosoaji wa wapokezi aliyefariki 277 Hijria, na Mwismaili aliyefariki 322, ambaye aliandika A'lamun-Nubuwwa kumraddi yule tabibu. Razi dhidi ya Razi! Mwenye kusema "Razi alikanusha utume" bila kuongeza neno amemtupia tuhuma hiyo, masikioni mwa wasikilizaji wetu, Imam Fakhruddin.

Tunajua litakalosemwa: kwamba haya ni mambo ya wanafunzi, na kwamba mswalihina wa Ijumaa hawana haja ya kunya na miaka. Tunajibu kwamba hatumtaki khatibu asome nasaba juu ya mimbari. Akisema "Ibn Hajar, mwenye Tuhfa" ameongeza maneno mawili na amemaliza kazi. Kwa mwandishi wa kitabu udhuru huo haupo kabisa, maana karatasi haichoki, na mwaka wa kufariki unaingia ndani ya mabano madogo. Tunashuku kwamba mara nyingi jina fupi halitokani na kuwahurumia wasomaji. Linatokana na mwandishi kuikuta nukuu katika kitabu cha pili au cha tatu, naye mwenyewe hajui ni la nani.

Wala jambo hili si la Baghdad na Cordoba peke yake. Mombasa alikuwepo Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1894. Mwanawe ni Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Sahifa kisha al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, na makala zake zikakusanywa katika Uwongozi. Mwana wa Sheikh Al-Amin ni Profesa Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), mtaalamu wa siasa aliyefundisha Makerere na kisha Marekani. Na katika ukoo huo huo yuko Alamin Mazrui, mtaalamu wa isimu na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki iliyotoka mwaka 1981. Ali wawili na Al-Amin wawili, fani nne mbalimbali, na baina yao haijapita karne mbili. Wanafunzi wetu wameshaanza kuandika "Al-Amin Mazrui amesema" na kuweka nukta.